Anayebaki

Mfupa ulikuwa wa kuku.

Mwalimu aliubandika kwa plasta kwenye muundi wa kijana mmoja, akaumwagia tomato sosi, akamlaza kijana kwenye nyasi za uwanja mmoja huko Marangu na kumwambia apige kelele kadiri awezavyo. Kijana mwenyewe ni mgumu, mpagazi wa Kilimanjaro wa miaka mingi. Kelele alizitoa kwa moyo wote, hadi watoto waliokuwa wakitoka shule wakajipanga kwenye ua kutazama.

Kikundi chetu kilifanya kazi nzuri. Tulikandamiza panapotoka damu, tukafunika mfupa kwa kitambaa cha bandeji kilicholoweshwa maji safi bila kuurudisha ndani, tukafunga banzi likapita goti na kifundo cha mguu, tukabonyeza kucha ya kidole gumba kuona kama wekundu unarudi. Tulipigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimealikwa na binamu yangu ambaye ni mwongoza watalii. Anasema watu ninaotembea nao Usambara na Meru, siku mmoja wetu akiumia, wengine tutampiga picha kwanza.

Ndipo mwalimu akauliza: "Haya. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Mko wawili tu, simu haina mtandao. Nani anakwenda kuita watu?"

Mikono ikapanda. Swali rahisi. Mzima ndiye anayekwenda.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja, kofia ya sufi ameiweka magotini, aliyeupanda mlima ule tangu ujana wake. Hakunyoosha mkono. Alisema tu, "Anayekwenda mmemfundisha. Huyu anayebaki je?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akatazama saa, tukaenda kunywa chai.

Wiki zimepita na swali la mzee halijanitoka.

## Wawili chini ya Batian

Wanaopanda Mlima Kenya husimuliana habari ya madaktari wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz. Septemba 1970 walifika kilele cha Batian, mita 5,199, wakaanza kushuka. Hawakwenda mbali. Jiwe kubwa liling'oka na Judmaier akaanguka. Oelz aliizuia kamba, ikamuunguza viganja. Mwenzake aliponing'inia na kutulia, mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa umetokeza nje.

Oelz alimfunga kwa kile walichokuwa nacho. Halafu akamwacha juu ya mwamba ule, akashuka peke yake kutafuta watu.

Ilichukua zaidi ya wiki moja kumtoa. Wanachama wa Mountain Club of Kenya, watu wa kujitolea na si waokoaji wa kuajiriwa, walipanda na kuhangaika kwenye barafu na miamba. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, na rubani wake Mmarekani, Jim Hastings, akafariki. Mwishowe waokoaji wa milimani kutoka Innsbruck, Austria, waliletwa kwa ndege, wakamshusha kwa kamba. Judmaier alipona, mguu wake ukabaki, akaja kuwa profesa wa tiba. Oelz naye akawa profesa, na mwaka 1978 alisimama juu ya Everest.

Kila ninapoisikia habari hii inasimuliwa kwa upande wa kamba: nani alipanda wapi, nani alishuka vipi, helikopta iligonga nini. Mimi siku hizi nawaza saa zile ambazo Oelz alikuwa njiani na waokoaji hawajafika. Nani alikuwa mhudumu kule juu?

Alikuwa majeruhi mwenyewe.

Unaweza kusema alibahatika kuwa daktari. Nami nilisema hivyo mwanzoni, nikadhani nimepata jibu: fundisha watu wote kidogo, basi. Lakini daktari aliyekaa na mfupa wake nje anajua pia yale ambayo wewe na mimi hatuyajui. Anajua uchafu ukiingia kwenye mfupa unafanya nini na kwa muda gani. Kila saa inayopita yeye anaisoma. Kuna usiku ambao nilifikiri ujinga ungekuwa rehema.

Sasa sifikiri hivyo. Asiyejua chochote hakai kwa amani. Anakaa na hofu isiyo na umbo, anahangaika, anajaribu kusimama, anavua alichofungwa ili aone hali ikoje. Anayejua kidogo ana la kufanya kwa mikono yake.

## Dakika kumi za kwanza, na saa kumi zinazofuata

Mafunzo mengi ya huduma ya kwanza yametungwa mjini. Ndani yake kuna gari la wagonjwa ambalo halitajwi lakini lipo, liko njiani. Kazi yako ni kumshikilia mtu hadi lifike.

Porini zile dakika kumi za mwanzo ndizo nyepesi. Damu inatoka, unakandamiza kwa nguvu, hufunui kuchungulia, kitambaa kikilowa unaongeza kingine juu yake. Damu nyingi za mikononi na miguuni husimama kwa njia hiyo. Isiposimama, unabana mkono au mguu wenyewe kati ya jeraha na kiwiliwili, vidole vitatu au vinne kutoka kwenye jeraha, si kwenye kiungo. Mkanda wa suruali peke yake mara nyingi hautoshi: unahitaji kitambaa kipana na kijiti cha kukizungushia mpaka damu ikome, halafu unaandika saa. Zamani tulitishwa sana kuhusu kubana huku. Vita vya Iraq na Afghanistan vimebadilisha fikra za madaktari: askari wengi walipona kwa sababu walibanwa mapema.

Tatizo linaanzia hapo. Kwa muda wa saa mbili hivi, mguu uliobanwa kwa kawaida huvumilia. Baadaye hatari inapanda. Kama msaada uko mbali kwa mwendo wa usiku kucha, nani atafanya uamuzi saa mbili zikipita? Aliyebaki, gizani, peke yake, anatetemeka?

Kwa hiyo uamuzi ule ufanywe kabla mtu hajaondoka, mikono ikiwa bado minne. Kama majeruhi hajalegea kwa kupoteza damu, kidonda kinaonekana, na mmoja wenu amefundishwa, huo ndio wakati wa kujaribu kukifunga kwa bandeji ya kukandamiza na kulegeza kibano polepole, mkitazama. Damu ikirudi, kaza upya na uache. Na umwambie wazi: usikifungue kibano ukiwa peke yako. Bora kupoteza mguu.

Halafu baridi. Hili ndilo linaloniuma nikikumbuka Marangu. Damu ya mwili uliopoa haigandi vizuri, kwa hiyo aliyepoteza damu akiachwa apoe anaweza kuanza kuvuja tena pale palipokuwa pamekauka. Na ardhi hunyonya joto haraka, kwa hiyo cha kutandika chini ya mtu kina kazi kuliko cha kumfunika. Kijana wetu wa mfupa wa kuku alilala juu ya nyasi mbichi somo zima. Makofi yote yale, na hakuna aliyemtandikia hata jaketi, kwa sababu katika vichwa vyetu alikuwa anaondoka baada ya muda mfupi.

Kuhusu banzi nitasema moja tu: lisikupotezee muda kulipamba. Livingstone alitafunwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844, mfupa wa mkono wake wa kushoto ukasagika na kuunga vibaya. Aliishi nao miaka 29, akatembea nao nusu ya bara hili. Wakina Chuma na Susi walipoubeba mwili wake hadi Bagamoyo na ukafika London mwaka 1874, ni mfupa ule uliounga vibaya uliowathibitishia madaktari kwamba ni yeye. Banzi lilegee pale linapobana mishipa, liwe na kitambaa laini ndani, limzuie mtu asicheze mguu. Unyoofu utashughulikiwa na wenye vyumba vya upasuaji.

## Mwenzetu alilala Magamba

Binamu yangu hakukubaliana na mzee. "Ukiwafundisha watu kubaki," aliniambia, "utawafundisha wengine kuacha wenzao." Tulibishana kwa WhatsApp hadi mke wake akaingilia.

Tukaamua kujaribu. Tulipokwenda msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mtu mwenye subira kuliko sisi sote, alijitolea kuvunjika. Tulimfunga miguu yote miwili pamoja, mguu mzima ukiwa banzi la mguu mbovu. Mkono wa kushoto tukauning'iniza kifuani kwa khanga. Tukamtandikia vizuri, tukamfunika, tukamwekea begi lake kichwani kama mto. Tukamwachia maji. Tukaondoka, tukakaa nyuma ya kona asipotuona, tukatulia.

Aliporudi kwetu, au tuseme tuliporudi kwake, alikuwa amekasirika. Si kwa mzaha.

Begi lile tuliloliweka kichwani kwa huruma lilikuwa na tochi, biskuti na dawa, na hakuweza kulifikia bila kujipindua juu ya mkono uliofungwa. Chupa ya maji ilikuwa ya kifuniko cha kuzungusha. Jaribu kukifungua kwa mkono mmoja: utaibana chupa kwa magoti. Magoti tulikuwa tumeyafunga sisi. Pakiti ya bandeji ilihitaji meno, na meno yalishindwa na plastiki.

Na jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: haja ndogo. Alituambia kwamba alipoona miguu imefungwa aliamua moyoni kutokunywa maji kabisa. Hebu lifikirie hilo kwa mtu aliyepoteza damu kweli, anayehitaji kila tone, akijinyima maji usiku kucha kwa sababu ya aibu.

Muda nao ulimdanganya. Alihesabu kwamba tulikuwa tumeondoka kwa muda mrefu mno, akaanza kuhisi tumesahau. Saa ilionyesha haukufika hata nusu ya alioudhani. "Ningekuwa na kitu cha kufanya," alisema, "nisingekuwa nawasikiliza fisi." Magamba, kwa taarifa yenu, alichokuwa anasikia ni mbega.

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha mawazo ya binamu yangu. Sasa tunapofundishana tunaanza na kumpangia anayebaki makao yake. Kila kitu upande wa mkono mzima, ndani ya kiasi cha kuunyoosha tu. Vifuniko vimelegezwa, biskuti imeshafunguliwa. Filimbi na tochi shingoni, si begini. Kopo la kukojolea, au kitambaa kinene, litajwe kwa sauti na mtu mzima bila kucheka. Majani makavu, kamba, begi tupu, vyote chini yake. Kama hajielewi vizuri au anatapika, alale ubavu, maana akiwa chali matapishi yatamziba koo na hakuna wa kumgeuza.

Na apewe kazi. Kila saa abonyeze kucha ya mguu ulioumia kama anaweza kuufikia, la sivyo auchezeshe vidole na kuona kama bado anavihisi. Akiona ganzi inazidi, ajue ni fundo gani la banzi, si la kibano, la kulegeza, na alioneshwe kabla. Anywe kidogo. Apulize filimbi, anyamaze, asikilize. Aandike saa. Maandishi yake yatamsaidia daktari baadaye, lakini siri yake ni kwamba yanaukata usiku vipande anavyoweza kuvimeza.

## Lakini je, uondoke?

Hapa bado sijatulia, nami nawaambia hivyo waziwazi.

Waongozaji wana kanuni ya watu wanne: mmoja kaumia, mmoja anakaa naye, wawili wanakwenda, maana anayekwenda peke yake usiku naye anaweza kuvunjika, na sasa mna majeruhi wawili wasiojulikana walipo. Ni kanuni nzuri. Wengi wetu hatutembei wanne.

Kama kuna mtu nyumbani anayejua mmepita wapi na mlitakiwa kurudi lini, mara nyingi ni afadhali kukaa wote wawili, kuwasha moto, kusubiri kutafutwa. Kama hakuna anayejua, kusubiri ni kusubiri nini? Damu ya ndani huwezi kuibana kwa kitambaa. Tumbo linalokuwa gumu, ngozi baridi yenye jasho, mapigo ya haraka na membamba: huyo hawezi kusubiri, na pengine hawezi kubaki pia. Sina kanuni ya hapo. Sijakutana na mwenye nayo.

Anayekwenda aondoke na karatasi. Mahali, saa ya ajali, kaumia wapi, amefanyiwa nini, kibano kilifungwa lini, ana maji kiasi gani. Ukifika umechoka na kulia, mdomo utasema "kavunjika, njooni" na watu watakuja bila machela. Njiani funga vitambaa kwenye matawi. Usiku huo utaapa kwamba unaujua ule mti mkubwa, na asubuhi yake msitu mzima utakuwa miti mikubwa.

Nyoka ni habari nyingine, na nitaipita haraka kwa sababu inastahili makala yake. Koboko hakupi usiku mzima wa kusubiri. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe, asibanwe kama anayevuja damu. Jiwe la nyoka, ambalo najua liko katika nyumba nyingi mnaposoma hapa, halitoi sumu, ila linampa mtu moyo wa kuchelewa hospitali. Tiba ni dawa ya kuzuia sumu. Abebwe, asitembee. Akiwa peke yake na hakuna wa kumsikia, ndipo atembee taratibu.

## Longido

Nilikuwa nikiandika haya nikijiona nimegundua jambo, hadi nilipokwenda kumtembelea shemeji yangu Longido.

Nilikuwa nimesahau kitu. Sisi tunaovaa viatu vya kupandia na kubeba mabegi ya rangi ni wachache. Wanaovunjika porini katika nchi hii ni warina asali wanaoanguka mibuyuni, akina mama wa kuni, wachoma mkaa, na watoto wa kuchunga. Hawana kanuni ya watu wanne. Wengi wanatoka peke yao kila siku ya Mungu.

Kijana wa shemeji anachunga. Nilimuuliza angefanya nini akivunjika mguu huko, jua likiwa bado la saa tano.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji yanatoka wapi. "Ng'ombe watarudi jioni, mjomba. Wakifika bila mimi, watakuja kunitafuta."

"Watajua uko wapi?"

"Asubuhi namwambia mama naelekea upande gani. Na kwato zitawaonyesha."

Basi. Wenzangu wananunua vifaa vya setilaiti kwa fedha ya ng'ombe mzima ili wapate kile alicho nacho kijana huyu bure: mtu anayejua njia yake, saa ya kuanza kushtuka, na alama za kufuata. Kinachobaki ni saa zile kati ya saa tano na magharibi, na hizo ni zake peke yake. Tulikaa chini ya mgunga, nikamwonyesha jinsi ya kukandamiza jeraha kwa kisigino cha mkono, jinsi shuka na fimbo yake vinavyoweza kumbana paja damu isitoke, na kwa nini ajiburute kivulini kwanza kabla ya yote, kwa sababu kule kinachoua mchana si baridi. Fimbo alinisahihisha mimi: ya kuchungia ni ndefu mno, haizunguki, bora ala ya sime. Tulijaribu. Inazunguka vizuri kabisa.

Nikampa bandeji pana na filimbi. Bandeji akaipokea. Filimbi akanirudishia, akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliowafanya ng'ombe wa jirani wainue vichwa.

Nikamuuliza, mbavu zikivunjika utapiga hivyo?

Akafikiri kidogo, akajishika ubavu, akajaribu kuvuta pumzi fupi na kupiga tena. Ilitoka hewa tupu. Akanyoosha mkono tuirudie ile filimbi, ila akasema kamba yake nyekundu haitaki, mama atamtafutia ya ngozi.